KARIAKOO: VYAMA VIDOGO VILIVYOKILEA CHAMA KIKUBWA

Wapo wananchi wapitao Mtaa wa Narung'ombe kila siku, wakaingia Mahiwa, wakatokea Tandamti, wala wasijue ya kwamba wanatembea juu ya majina ya vita. Narung'ombe, Tandamuti na Mahiwa ni mahali pa kusini mwa nchi yetu, upande wa Kilwa na Lindi, ambapo Waingereza na Wajerumani walipigana mwaka 1917, katika miezi ya Julai, Agosti na Oktoba. Aliyebeba risasi, unga na majeruhi katika mapigano hayo hakuwa Mwingereza wala Mjerumani. Alikuwa Mwafrika, na mara nyingi alikuwa amekamatwa kwa nguvu shambani kwake. Kikosi cha wapagazi hao Waingereza walikiita Carrier Corps, nasi kwa ulimi wetu tukakiita Kariakoo. Hesabu za Waingereza wenyewe zakiri kufa kwa wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita vile vya Afrika Mashariki, na wanahistoria waliochunguza baadaye waona kuwa idadi hiyo ni ndogo mno. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na njaa, kuhara na homa.

Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, waliwaweka wapagazi wao upande wa magharibi wa mji, pahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kusimamisha jengo la soko, lakini vita vikawazuia kulifungua. Vita vilipokwisha, jengo likawa soko na jina likabaki. Basi soko mashuhuri kuliko yote katika nchi yetu lina jina la watu waliobebeshwa mizigo.

Twalitaja jambo hili mwanzo kwa kuwa lina maana kwa yale yafuatayo. Kariakoo ya miaka ya 1920 ilikuwa mahali pa wageni. Mmanyema alipanga chumba ubavuni pa Mzaramo, Mnyamwezi akala meza moja na Mzulu, na mtu akiugua hapakuwa na mjomba wa kumwuguza wala shangazi wa kumlilia. Mtu wa namna hiyo hana budi kujiundia jamaa yake mwenyewe. Ndipo vikazuka vyama: vya kuzikana, vya kabila, vya dini, vya ngoma, vya mpira, na mwishowe vya siasa. Sisi twasema, na hili ndilo neno letu la leo kwa wanachama na wafanyakazi, ya kwamba TANU haikuanguka kutoka mbinguni tarehe 7 Julai 1954. Ilizaliwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa na vyama vidogo vya watu wadogo, na vyama hivyo sasa vyasahauliwa upesi kuliko inavyotupasa kuvumilia.

Tazama kwanza namna mji ulivyogawanywa. Serikali ya kikoloni iliweka Uzunguni pwani na mashariki, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo. Kati ya Kariakoo na Uhindini ikaachwa ardhi wazi iitwayo Mnazi Mmoja, ili watu wasichanganyikane. Ardhi ile iliyokusudiwa kututenga ndiyo iliyokuja kuwa uwanja wa mikutano ya TANU, watu wakakusanyika hapo kwa maelfu kumsikiliza Mwalimu, na leo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mkoloni alitupa nafasi ya kusimama bila kujua.

Upande wa Kariakoo watu walijenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwa kupikia na kufulia, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Msomaji kijana aliyezaliwa ghorofani asiipite baraza hiyo kwa haraka. Hapo ndipo gazeti lilisomwa kwa sauti na mmoja mwenye kujua kusoma, wakasikiliza kumi wasiojua. Hapo karata zilichezwa, ndoa zilisuluhishwa, na michango ya vyama ilihesabiwa juu ya mkeka. Ofisi za kwanza za vyama vyetu zilikuwa baraza.

Katika ngoma, iliyotawala ilikuwa beni. Watu walivaa sare, wakapiga ngoma na tarumbeta kwa kuigiza gwaride la wanajeshi, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Dar es Salaam iligawanyika kati ya Marini na Arinoti: Marini ikawa ya makarani na watu wenye kujiona, Arinoti ikawa ya makuli na vibarua. Baadhi ya Wazungu waliwacheka, ati Waafrika wanaiga. Wengine, wenye akili zaidi, waliogopa, maana waliona jambo ambalo wachekaji hawakuliona. Beni ilikuwa na matawi mji hata mji, ilikuwa na viongozi waliotiiwa, ilikuwa na hazina, na habari ilisafiri kutoka pwani hata Tabora pasipo kupita kwa Bwana Shauri. Hiyo ni skuli ya siasa hata kama somo lililofundishwa lilikuwa kucheza tu.

Mwaka 1929 ikaundwa African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola, na katibu alikuwa Kleist Sykes. Habari za Kleist zafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Mjerumani von Wissmann kuja kuvunja upinzani wa watu wa pwani. Mwana naye akawa askari wa Mjerumani, akapigana upande wa von Lettow-Vorbeck katika vita vile vile vilivyoipa Kariakoo jina lake. Mwingereza aliposhika nchi, Kleist akawa karani katika reli. Mtu huyu, mtoto wa askari wa kukodiwa, ndiye aliyeweka kalamu na daftari za chama cha kwanza cha Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1924 alipopita Dar es Salaam Dk. Aggrey, msomi wa Gold Coast aliyekuja na tume ya kuchunguza elimu ya Waafrika, Kleist alizungumza naye, na mazungumzo hayo yakamkaa moyoni. Mtaa wa Aggrey upo Kariakoo hata leo, lakini mpita njia mmoja kwa mia ndiye awezaye kukuambia Aggrey alikuwa nani.

Wanachama wa African Association walijenga ofisi yao kwa kujitolea, pale New Street, ambayo leo ni Lumumba. Mwaka 1933 Kleist na wenzake wakaunda pia Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoshughulikia elimu ya watoto wa Kiislamu, ambao serikali na misheni hazikuwajali sana. Majina ya viongozi wa vyama hivi viwili yalifanana kwa wingi. Jioni mtu alikuwa katika mambo ya dini, kesho yake jioni yumo katika mambo ya taifa, na hakuona mgongano wowote. Kleist alifariki mwaka 1949, miaka mitano kabla chama alichokiandikia barua hakijageuka kuwa TANU. Maisha yake yaliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichotoka mwaka 1973.

Wakati huo huo alikuwapo Erica Fiah, mtu mkali, mzaliwa wa Uganda, mwenye duka. Yeye aliwaona wakuu wa African Association kuwa ni makarani waoga. Mwaka 1934 akaunda chama chake cha ustawi na biashara ya Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Siku zile gazeti la Kiswahili lililoenea lilikuwa Mambo Leo, lililotolewa na serikali tangu mwaka 1923. Lilikuwa zuri kwa mashairi na kwa mafunzo ya kilimo, lakini halikuweza kumgusa aliyelilipia. Kwetu ilikuwa masikini, ilichelewa, nyakati nyingine haikutoka kabisa, walakini ilikuwa yetu. Baadaye ikaja Zuhra ya Mashado Plantan, kisha mwaka 1957 Mwafrika, ambayo wahariri wake, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa mwaka 1958 kwa waliyoyaandika. Sisi tunaoandika katika gazeti la Chama leo, tukiwa na umeme na meza, yatupasa kuwakumbuka watu waliopanga herufi wakiwa na hofu ya polisi kugonga mlango.

Sasa tufike kwa mama zetu. Hapa ndipo historia iliyoandikwa imekuwa na macho mafupi kuliko mahali pengine pote.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakusoma sana, alikuwa na miaka michache ya shule ya msingi. Mjini alijulikana kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbishaji wa ngoma ya Bomba. Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam Mwingereza wa chama cha Labour, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Viongozi walitazamana. Wake wa wakubwa hawakuwa tayari kutokea hadharani, basi akatafutwa Bibi Titi, ambaye yeye na mume wake walikuwa wamekwisha kukata kadi mwanzoni kabisa.

Alifanya nini Bibi Titi? Hakwenda kuhubiri njiani. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na taarabu: Al Watan, Roho Mgeni, na wengineo, hata kikundi kimoja kilichojiita British Empire, ambacho wanawake wake waliingia TANU pasipo kuona haja ya kubadili jina kwanza. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake, sare yake ya kanga, na desturi ya kuchangishana. Mkubwa akikubali, wote walikubali. Wengi katika wanawake hao walikuwa wapika vitumbua na maandazi, wauza samaki wa kukaanga, wapika pombe, wenye nyumba za kupangisha. Walikuwa na fedha zao kidogo, na hawakuogopa kufukuzwa kazi serikalini kwa kuwa serikali haikuwaajiri. Karani alipotakiwa kuchagua kati ya kazi na kadi ya TANU, alikuwa na mengi ya kupoteza. Mpika vitumbua alikuwa na kikaango chake. Katika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1955, Oscar Kambona aliwaandikia rafiki wa Uingereza ya kwamba Bibi Titi amekwisha kuandikisha wanawake 5,000.

Twaomba msomaji aitafakari hesabu hiyo. Hapakuwa na gari wala redio ya chama. Palikuwa na ngoma tu. Ikiwa mtu ataka kujua jinsi TANU ilivyokuwa chama cha umma upesi namna ile, hali mataifa jirani yalihangaika miaka mingi, asitafute jibu katika katiba ya chama peke yake. Jibu jingine lilikuwa uani, Kariakoo, jioni, wanawake wakifanya mazoezi ya nyimbo.

Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT ilipoundwa mwaka 1962. Baadaye mambo yalimgeukia: alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akafunguliwa mwaka 1972, akaishi kwa ukimya hata alipofariki mwaka 2000. Hatutaki kuifungua kesi hiyo hapa. Lakini kosa lolote la mtu, liwe la kweli au la kudhaniwa, haliwezi kurudi nyuma likafuta kazi aliyokwisha kuifanya. Leo barabara kubwa ya mji ina jina lake, nalo ni jambo jema. Wale viongozi wa vikundi waliomfungulia milango, hata hivyo, hawana barabara.

Turudi sokoni. Katika miaka ya 1950 mkuu wa soko la Kariakoo, aliyeajiriwa na serikali kulisimamia, alikuwa Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist. Alizaliwa mwaka 1924, akapigana Burma pamoja na mdogo wake Ally katika vita vya pili, akarudi na mawazo ya mtu aliyeona Wazungu wakikimbia. Alikuwa kiongozi wa TAA wakati Mwalimu Julius Nyerere aliporejea kutoka Edinburgh mwaka 1952. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, wawili hao walishindania urais wa TAA, na Mwalimu akashinda. Abdulwahid hakununa. Nyumba yake ikaendelea kuwa mahali pa mikutano, na Mwalimu, aliyekuwa akifundisha Pugu, alifikia kwao alipokuja mjini.

Fikiri nafasi ya mkuu wa soko. Kila mwenye meza ya nyanya humjua. Kila mkulima aletaye mihogo kutoka Kisarawe humpita. Asubuhi moja sokoni aliweza kusikia habari za wilaya tano. Wafanyabiashara wa soko nao walikuwa nguzo: Mzee Mshume Kiyate, muuza samaki, alikuwa mmoja wa wazee walioisaidia nyumba ya Mwalimu alipoacha ualimu, Machi 1955, akabaki bila mshahara. Chama chetu kilikula samaki wa Kariakoo kabla hakijala ruzuku yoyote.

Hapa twapenda kusema neno ambalo wengine huliogopa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulipewa kalamu mapema, na aliye na kalamu huwaandika kwanza wale anaowafahamu. Historia ya Chama iliyofundishwa kwa miaka mingi ilianzia 1954, ikawaweka mbele wasomi, ikawapita kwa kifungu kimoja wazee wa mjini waliovaa kanzu na kofia. Mtu aliyekuja kulalamika kwa kitabu kizima alikuwa Mohamed Said, aliyechapisha London mwaka 1998 habari za maisha ya Abdulwahid Sykes. Waweza kukubaliana naye au kumpinga. Sisi hatukubaliani naye katika kila ukurasa. Lakini aibu ni yetu kwamba kitabu hicho hakikuandikwa na Chama. Kumtaja Abdulwahid si kumpunguza Mwalimu. Mwalimu mwenyewe alijua ni baraza za nani alizoketi.

Juu ya mpira tutasema machache, maana kalamu yaweza kuleta ugomvi. Young Africans iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaundwa klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, kisha Simba kuanzia mwaka 1971. Mmoja ana makao yake Jangwani, mwingine Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi kwa miguu. Klabu hizi zilikuwa vyama kamili vya wakaaji wa mtaa: zilizika, ziliozesha, zilitafutia wachezaji kazi bandarini na relini. Mwandishi wa makala hii ana upande wake, wala hatausema.

Katika muziki wa dansi wafanyakazi wana haki ya kujivuna. Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya jazz tangu miaka ya 1930, na karibu na Uhuru zikatokea Kilwa Jazz na Western Jazz, kila moja ikiwa na watu wake. Lakini jambo jipya lilikuja mwaka 1964, chama cha wafanyakazi NUTA kilipoanzisha bendi yake na kuwalipa wanamuziki mshahara kama wafanyakazi wengine. Hebu fikiri: mpiga gita mwenye mwajiri, mwenye likizo, mwenye ala ambazo si za mtu binafsi. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba humo. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na bendi ikabadili jina kila mara pamoja na mwenye nyumba wake, hata ikabaki Msondo Ngoma. Vyama vya wafanyakazi vimebadilika mara tatu, nyimbo hazikubadilika. Mpinzani wake mkubwa, Mlimani Park, aliundwa mwaka 1978 akawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC, na kwa miaka mingi ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa mahali ambapo fundi cherehani na mkurugenzi walisubiri zamu moja ya kucheza.

Hata kiongozi wa wafanyakazi mwenyewe alikuwa mtu wa sanaa. Rashidi Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955, ndiye aliyecheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, na watu wengi walimwona kwenye kitambaa cheupe kabla hawajamsikia jukwaani. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1954 kitabu kinachoeleza sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili pamoja na diwani yake. Mji wetu uliwahi kuongozwa na mtu aliyejua vina na mizani! Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka arobaini tu.

Mwishoni mwa orodha hii ya majina twamweka Beda Amuli, kwa kuwa kazi yake yaonekana kwa kila apitaye. Yeye ni katika Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wasanifu wa majengo. Soko la sasa, lililofunguliwa mwaka 1975, alilichora yeye. Wataalamu wa kigeni wangetuletea sanduku la kioo. Amuli alikumbuka kwamba Mwafrika amezoea kuuza na kununua chini ya mti, akasimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, upepo ukapita chini yake, na mvua ikakusanywa na miavuli hiyo ikashuka matangini. Chini ya ardhi akaweka ghorofa ya bidhaa. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza jengo hilo vibaya, likafungwa, na kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jingine kando yake ikafuata. Wafanyabiashara waliohamishwa walipata taabu kubwa, nasi hatuwezi kuzungumza juu ya uzuri wa zege pasipo kukumbuka mitaji iliyoteketea. Lakini jengo la Amuli limesalimika kubomolewa, na hilo si jambo dogo katika mtaa ule.

Maana tukitazama yaliyolizunguka, twaona nini? Nyumba za Kiswahili zimekwenda. Kiwanja kilichokuwa na vyumba sita na baraza leo kina ghorofa nane za maduka na maghala. Hatulilii udongo na miti ya mikoko. Mwenye kiwanja ana haki ya kufaidi mali ya wazazi wake, na mtoto wa mpika vitumbua akiwa na ghorofa ni jambo la kufurahia. Yako mambo mawili yatusumbuayo. La kwanza ni haraka. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo asubuhi, likaua watu zaidi ya 20, wengi wao watafuta riziki kama wewe na mimi. Jengo likisimamishwa na tamaa bila fundi wa kweli, huwafukia walio hai, achilia mbali waliotangulia. La pili ni kwamba kila nyumba iliyovunjwa imekwenda na sanduku la chini ya kitanda: daftari la michango ya ngoma, picha ya timu ya mtaa, kadi ya TANU, barua. Watoto hawakuzitupa kwa ubaya. Hakuna aliyewaambia zina thamani.

Na Chama hakikuonyesha mfano mwema. Ile ofisi ya New Street, iliyojengwa kwa mikono ya wanachama wa African Association, ambamo wajumbe 17 waliizaa TANU, haipo tena; pamesimama jengo jipya. Ikiwa sisi wenyewe tulivunja kitanda tulichozaliwa, tutamwambia nini mwenye duka wa Mtaa wa Kongo?

Wako watakaosema Kariakoo ni mahali pa biashara, si makumbusho. Tunawajibu kwamba biashara yenyewe ingali yahitaji vyama. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya manung'uniko ya kodi, na Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza. Waliweza kufunga kwa pamoja kwa kuwa walikuwa na jumuiya. Lakini machinga aliyetandaza bidhaa zake njiani, binti auzaye chakula nyuma ya maduka, mpakuaji wa makontena usiku, wana nani? Makuli wa zamani walikuwa na Arinoti, na baadaye, walipogoma mwaka 1947 na kuisimamisha bandari, wakawa na chama cha wafanyakazi wa bandari. Matawi ya Chama yaliyo Kariakoo yajiulize kama yamewahi kuketi na wapakuaji hawa siku nyingine isipokuwa ya kutafuta kura.

Twashauri mambo machache, nayo hayahitaji fedha ya wafadhili. Halmashauri ya jiji, kabla ya kutoa kibali cha kuvunja nyumba ya zamani, imtake mwenyewe aseme nani aliishi humo, na jengo jipya likisimama, kibao kidogo kibandikwe mlangoni. Majina ya mitaa yaongezwe maelezo ya mstari mmoja, ili mtoto aulizaye Mahiwa ni nini ajibiwe na ukuta. Chuo Kikuu kina vijana wa historia wanaotafuta mada. Mada hizi hapa, nauli ya daladala tu.

Na kila tawi la Chama katika kata ya Kariakoo, Gerezani na Jangwani limteue mwanachama mmoja mwenye mwandiko mzuri, akae na wazee waliobaki. Wanawake waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1955 wamefika tisini na zaidi, basi aanze nao, na aanze wiki hii. Asiulize ulikuwa na cheo gani. Aulize: ngoma yenu iliitwaje, sare ilikuwa rangi gani, mchango ulikuwa senti ngapi, mlikutana nyumba ya nani, daftari alishika nani, na mwenye nyumba akikataa mlikwenda wapi. Aandike na jina la aliyepika chai.